Mpaka Uko Pale Anapogeuka

Wenye magari Arusha wanaijua kero hii. Umeosha gari jioni, asubuhi unakuta michirizi myeupe ya kinyesi imeshuka kutoka kwenye kioo cha pembeni hadi katikati ya mlango. Ukikaa dirishani na kikombe chako cha chai ukasubiri, mhusika atakuja mwenyewe. Mara nyingi ni yule ndege mweusi na mweupe anayetembea uani akitikisa mkia. Anatua juu ya kioo, anachungulia, anamwona mwenzake humo ndani, anamrukia, anampiga mdomo, anarudi juu, anachungulia tena. Ndege anayefukuzwa kwa kawaida hukimbia. Huyu wa kwenye kioo hakimbii, anakaza macho, na kila pigo analirudisha papo hapo. Ndiyo maana ugomvi unaweza kuendelea wiki nzima.

Dawa ni rahisi: vika kioo soksi kuukuu au mfuko ukishaegesha. Kwa dirisha la nyumba, usihangaike na pazia la ndani, maana giza la nyuma ya kioo ndilo linaloifanya sura ya ndege ionekane vizuri zaidi. Paka sabuni ya mche upande wa nje, au bandika gazeti hukohuko nje, kwa siku kadhaa hadi hasira zipoe. Lakini kabla hujafunika chochote, mtazame kwanza kwa asubuhi moja, kwa sababu amekuambia jambo kubwa: kiwanja ulichopimiwa na halmashauri kilishapimwa na wengine, nao wana mipaka yao, mirefu au mifupi kuliko ukuta wako.

Eneo ambalo ndege analilinda dhidi ya wenzake tunaweza kuliita himaya. Si kila mahali anapopita. Ndege anaweza kuzunguka Njiro nzima akitafuta chakula, ila sehemu anayoipigania ni kipande tu cha mzunguko huo. Mwingereza Eliot Howard ndiye aliyeufanya mjadala huu kuwa maarufu kwa kitabu chake cha mwaka 1920. Kabla yake wengi waliamini madume wakipigana wanagombea jike. Yeye akaonyesha kwamba dume mara nyingi hushika ardhi kwanza, jike akafuata. Howard alikuwa akiangalia ndege wa nchi yenye baridi kali, ambako ugomvi hupamba moto wakati mmoja wa mwaka. Sisi tuko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta. Hapa ndege wengi wa uani hukaa dume na jike wakilinda kipande kilekile mwaka mzima, masika na kiangazi. Kwa hiyo ushauri wa vitabu vya Ulaya wa kungoja msimu tuuache hukohuko. Unaweza kuanza kesho.

Kanuni ninayoitegemea kuliko zote ni hii: tazama mahali mfukuzaji anapogeuka. Mbio huanzia popote. Mgeni anaweza kuwa ameshapenya hadi katikati ya ua kabla hajaonekana. Lakini mwenyeji akimtimua humsindikiza hadi mahali fulani, kisha hukata kona, hurudi, hutua juu ya kitu kirefu na kuimba. Pale alipokata kona ndipo penye mpaka. Akipitiliza utaona mambo yakigeuka: aliyekuwa anakimbia anasimama, anajitutumua, na sekunde ileile ndiye anayefukuza. Ndege wawili, ugomvi mmoja, na mshindi anabadilika kwa sababu tu wamevuka mti wa parachichi. Ukishaliona hilo mara moja hutasahau.

Chukua kaunta buku, ile ya kawaida ya dukani. Chora kiwanja chako kama unakitazama kutoka juu: nyumba, simtanki, nguzo ya umeme, kamba ya nguo, miti, ukuta, na kipande cha kwa jirani unachoweza kukiona. Piga fotokopi za kutosha. Karatasi moja iwe ya aina moja ya ndege, usichanganye. Weka nukta mahali alipoimba, chora mshale kila anapomfukuza mwenzake, kichwa cha mshale kikae pale alipogeuka, na weka msalaba pale waliposhikana kweli. Andika saa. Baada ya wiki mbili tatu weka karatasi zote mezani. Nukta zitakuwa zimerundikana sehemu chache, kwa kuwa ndege ana majukwaa yake anayoyapenda, na vichwa vya mishale vitakuwa vimeanza kujipanga. Unganisha vichwa hivyo kwa penseli. Usishangae mstari ukipita katikati ya jiko lako.

Saa nzuri ni ile ya mwanzo kabisa. Arusha jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini na kitu, kutegemea mwezi, na kuimba huanza kabla yake. Mwezi wa saba, mlima Meru ukiwa umejifunika na baridi imeshuka hadi Sakina, kila kitu huchelewa. Usikate tamaa ukiona kimya, rudi saa moja na nusu. Tatizo la mjini ni kelele. Kati ya adhana, majogoo, bodaboda za kwanza na kipaza sauti cha kanisani, sauti nyembamba hupotea. Jumapili alfajiri, kabla ibada ya kwanza haijaanza, ndiyo saa yangu bora.

Darubini si lazima uani. Umbali ni mdogo, macho yanatosha. Ukiwa nayo, kumbuka unaishi na watu. Mtu anayeelekeza darubini upande wa kwa jirani saa kumi na mbili asubuhi anahitaji kujieleza kabla hajaulizwa. Mwambie jirani mapema, mwonyeshe kaunta buku, na kama ana watoto wakaribishe. Mtoto wa darasa la nne anahesabu mbio za ndege vizuri kuliko baba yake. Na darubini isitoke begini karibu na kambi ya jeshi wala uwanja wa ndege. Hilo halina mjadala.

Mtu mwingine wa kumtafuta ni mlinzi. Yeye yuko macho kabla yako, na anakaa mahali pamoja. Mtaani kwetu yupo mzee wa getini ambaye nilidhani hanijali mimi wala ndege wangu. Asubuhi moja nikampa shikamoo nikipita na daftari.

"Marahaba, mwanangu. Yule wa kwenye nguzo leo siye."

"Siye kivipi, mzee?"

"Mwenyewe ana mkia umepungua unyoya mmoja, kushoto. Huyu wa leo mkia umetimia. Amekuja alfajiri, akakaa kidogo, kisha mwenyewe akaja akamtoa."

Mzee alikuwa ameshafika kwenye hatua inayowashinda wengi, ya kutofautisha ndege mmoja na mwenzake wa aina ileile. Bila hiyo huwezi kujua kama unaona jozi moja yenye juhudi au jozi tatu zinazopokezana. Tafuta kasoro: unyoya uliovunjika, doa jeupe lisilo mahali pake, kucha iliyokatika, sehemu yenye manyoya yanayong'oka. Manyoya hubadilika ndege wakipukutisha, kwa hiyo alama ya leo haina uhai wa mwaka. Iandike tu na tarehe.

Ugomvi wenyewe una ngazi, na ukizijua hutakuwa unangoja ngumi zisizokuja. Ngazi ya kwanza ni wimbo kutoka juu. Ya pili ni kujionyesha: kujinyoosha, kutanua mkia, kutikisa mabawa, kufumua manyoya ya kifuani. Ya tatu ni mbio. Ya nne, kushikana miguu kwa miguu na kuanguka chini, ni nadra, na ukiiona mara nyingi kwa siku chache ujue kuna jambo jipya: kijana anatafuta nafasi, au mwenye eneo amekufa na majirani wanagawana. Majirani waliozoeana hupigana kidogo. Watafiti wamelithibitisha hilo kwa ndege wa aina nyingi kwa kuwapigia sauti zilizorekodiwa: sauti ya jirani wa kila siku, ikitoka upande wake wa kawaida, haimsumbui sana mwenyeji, sauti ya mgeni humfanya aje mbio.

Ndege wa kuanza naye Arusha ni chozi, kwa sababu mji huu una maua karibu mwaka mzima. Mdogo mwenye tumbo la njano na kifua cha zambarau inayong'aa yupo karibu kila ua wenye maua. Mwenye kifua chekundu kama kaa la moto ni mkubwa zaidi. Na yupo yule mwenye mkia mrefu, mdomo uliopinda kama mundu na mng'ao wa shaba, ambaye akifika wadogo huondoka hata kabla hajatua. Hawa huupanua ule msemo wa fahali wawili zizi moja kwa namna yao. Ndege wengi humfukuza wa aina yao tu, kwa sababu ndiye anayekula chakula kilekile na kumtaka jike yuleyule. Chozi wanakunywa chungu kimoja, basi humfukuza chozi yeyote, na wakati mwingine hata nyuki mkubwa wa mbao.

Hapa tuna bahati: moja ya kazi zinazotajwa sana duniani kuhusu himaya ilifanyika jirani yetu Kenya, upande wa Gilgil, na watafiti Frank Gill na Larry Wolf, wakaichapisha mwaka 1975. Walimfuata chozi mwenye mabawa ya dhahabu, aliyekuwa akilinda maua ya Leonotis, ile kwekwe ndefu yenye maua ya rangi ya chungwa yaliyolizunguka shina kama mipira yenye miiba, ambayo kwetu huota kando ya barabara bila kuombwa. Walipima nguvu anayotumia: kumfukuza mwenzake kunagharimu zaidi ya mara saba ya kukaa kimya. Je, inalipa? Inalipa pale tu maua yaliyolindwa yanapokuwa na utomvu mtamu mwingi kuliko yasiyolindwa, kwa sababu hapo ndege hushiba upesi na kupata saa nyingi za kukaa bila kuhangaika. Na waligundua kwamba ukubwa wa maeneo ulitofautiana sana, lakini idadi ya maua ndani yake ilikaribiana. Chozi hapimi ardhi, anapima maua.

Jaribu hesabu hiyo uani. Chagua kichaka kimoja kinachochanua. Kila Jumamosi hesabu maua yaliyofunguka, kisha kaa dakika kumi na uchore kijiti kwa kila mbio. Maua yakiwa machache mno hutaona mlinzi. Anapita, anaonja, anakwenda. Yakiongezeka, mmoja anahamia, anakaa kwenye tawi lilelile, na vijiti vinajaa. Kichaka kikilipuka maua, au mkifabakazi mzima wa jirani ukichanua kwa pamoja, utaona jambo linaloshangaza wageni wa mchezo huu: mlinzi anazidiwa, anaacha, na chozi wa kila aina wanakunywa matawi jirani. Kulinda kila kitu dhidi ya kila mtu hakulipi.

Wengine hutaka njia ya mkato, wanatundika chupa ya maji ya sukari. Mimi siipendi. Chupa moja isiyokauka ni ua lisilokwisha utamu, chozi mmoja mkubwa ataikalia siku nzima, na utakachokuwa unakitazama ni himaya ya chupa. Panda mshubiri, panda Leonotis nyuma ya banda, acha ua la mgomba lining'inie. Ukilazimika kuweka chupa, ziwe mbili na zisionane, nyumba ikae katikati, na zioshwe kila mara, maana sukari iliyochacha huwadhuru. Kama una nafasi ya kupanda Meru, angalia namna wenyeji wa juu wanavyobadilika: ukikaribia kibanda cha Miriakamba, mita 2,500 na ushei, chozi aliyetawala maua si hawa wa mjini, ni mkubwa mwenye mkia mrefu, anayeonekana mweusi hadi jua limpige ndipo uone zambarau.

Wa pili ni mbwigu. Unamjua hata kama hulijui jina: mweusi juu, mweupe chini, mstari mweupe begani, mkia mrefu mwembamba, mdomo wenye ndoano, amekaa peke yake kwenye waya wa umeme akitazama chini kama mdai. Jike ana doa la kahawia ubavuni, hivyo kutofautisha dume na jike ni kazi ya dakika moja, jambo ambalo ndege wengi hawatupi. Himaya yake hupita viwanja kadhaa, kwa hiyo ramani yako itabidi iwe ya mtaa. Faida ni kwamba haimbi mafichoni. Hukaa juu ya nguzo, juu ya antena, juu ya nondo zilizoachwa wazi kwenye nyumba ambayo haijaezekwa, na ukipita barabara nzima ya Moshono au Olasiti kwa mguu unaweza kuwahesabu mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na nguzo zake.

Kagua seng'enge. Mbwigu akipata panzi, mjusi au kinda la ndege, humchomeka kwenye mwiba, na mjini mwiba wa karibu ni ule wa waya. Nilikuta jongoo mkavu, panzi wawili wasio na vichwa na nusu ya mjusi vimepangwa kwenye mstari mmoja wa seng'enge juu ya ukuta, umbali wa mkono kati ya kimoja na kingine, mguu wa panzi wa pili bado ukicheza. Ghala kama hilo linakuambia uko ndani ya himaya. Usilisafishe. Weka alama kwenye ramani, urudi kesho uone kipi kimeliwa.

Kuna kazi nyingine ya kitafiti ya kukumbuka hapa. Mwaka 2001 Scheuerlein, Van't Hof na Gwinner walichapisha walichokiona kwa ndege mdogo wa Afrika Mashariki, dume mwenye kichwa cheusi, shingo nyeupe ubavuni na kifua cha kahawia nyekundu, anayekaa juu ya vishina katika majani wazi. Jozi ambazo himaya zao ziliingiliana na ya mbwigu zilikuwa na homoni ya mfadhaiko iliyopanda zilipokuwa zikilea makinda yaliyotoka kiotani, na zilichelewa kuanza uzao mwingine kuliko jozi zisizo na jirani huyo. Mbwigu hakuhitaji kuwala. Kuwepo kulitosha. Ndege huyo mdogo utamkuta ukipanda kuelekea mashamba na maeneo ya wazi ya juu ya Ngaramtoni na Olmotonyi. Ukimkuta, tafuta kama mbwigu yuko karibu, kisha linganisha na jozi nyingine isiyo naye: nani anakaa juu ya kishina kirefu, nani anajificha, nani anatoa ile sauti ya mawe mawili yakigonganishwa kwa muda mrefu zaidi.

Wa tatu husikiwa na kila mtu ila haonwi na mtu. Ni mweusi mgongoni, mweupe tumboni mwenye kivuli cha waridi, hukaa ndani ya ua wa miti na vichaka vya kando ya mto Themi na Naura. Wapo wanaomwita tiva. Sauti yake ni ya kengele, ngo-ngo-ngo, na mara nyingi huishia na mkoromo au mluzi. Sikiliza vizuri. Mkoromo ule umetoka mahali pengine. Ni dume na jike wanaitikiana, kwa haraka kiasi kwamba sikio linadhani ni koo moja. W. H. Thorpe wa Cambridge, aliyetumia miaka mingi kuchunguza kuitikiana huku kwa ndege wakiwemo wa Afrika Mashariki, alipima mapengo kati ya sauti hizo na kukuta ni sehemu ndogo tu ya sekunde. Kwa himaya, maana yake ni kwamba jozi inatangaza kwa mpigo mmoja kuwa wote wawili wapo na eneo lina wenyewe.

Ufanye nini na ndege usiyemwona? Simama katikati ya ua kabla jua halijatoka, karatasi mkononi, chora mshale kuelekea kila jozi inayoita. Siri ni kungoja majibu. Jozi ya kwanza ikiita na ya pili ikajibu papo hapo kutoka upande mwingine, hizo ni jozi mbili kwa hakika. Zisipoitana kwa pamoja, huenda ni moja iliyohama tawi. Rudia ukiwa umesogea mita hamsini, mishale ikutane kwenye ramani, na una mahali zilipo bila kuona unyoya. Mara nyingi majirani hawa huitana wakiwa pande mbili za mpaka, hatua chache tu kati yao.

Wengine nitawapitia haraka. Fumbwe dume akiwa na ule mkia wake mrefu na mdomo mwekundu ni mkorofi kupita ukubwa wake. Ukimwaga mtama chini atafukuza kila anayetua, hata njiwa. Yeye na jike zake hawalei makinda, huwaachia ndege wengine wadogo mayai. Kunguru wakimwandama mwewe au shakevale angani, hiyo ni kumtimua adui, usiichore kama mpaka. Kwarara wanaopiga kelele jioni wakirudi kulala, na hondohondo wanaojaa kwenye mkuyu wenye tunda, wanashirikiana mti vizuri tu. Na pasa, wale wenye mkia mrefu wa kahawia wanaoning'inia kwenye mipapai kama wamechoka, hula pamoja, huota jua pamoja, hulala wamebanana. Karatasi ya pasa itabaki bila mishale. Iweke hivyohivyo, nayo ni jibu.

Mvua hubadilisha mambo. Kuelekea vuli na tena kuelekea masika wadudu huongezeka, viota hujengwa, na ndege aliyekuwa akivumilia mgeni mwezi wa tisa hamvumilii mwezi wa kumi na moja. Kwera wanaosuka viota kwenye mitete na miti ya maji watakuonyesha himaya ndogo kuliko zote: dume analinda tawi lake na kiota chake tu, huku dume mwingine anasuka hatua moja pembeni. Kiangazi kikikolea, sahani ya maji chini ya mti huleta suluhu ya muda. Wasiopatana huoga zamu kwa zamu. Linganisha ramani ya Agosti na ya Desemba. Jirani akikata mgrivea, chora upya, kwa sababu jukwaa likiondoka mpaka husogea.

Kuna mchezo wa simu ninaoupinga moja kwa moja. Programu za kutambua ndege, kama Merlin, zina sauti zao, na kishawishi cha kuzipiga kwa spika ili mwenyeji ajitokeze ni kikubwa. Atajitokeza kweli. Ataacha kulisha makinda, atazunguka akitafuta mvamizi asiyeonekana, atatumia nguvu alizozihesabu kwa utomvu na panzi, na kwenye karatasi yako utakuwa umejirekodi wewe. Tumia programu kusikiliza, isiwe ya kuimbia. Viota navyo visiguswe wala matawi yasifunuliwe ili picha itoke vizuri. Kunguru na mbwigu wanakuangalia unapoelekea. Kwa majina na picha, kitabu cha Zimmerman, Turner na Pearson cha mwaka 1996 kuhusu ndege wa Kenya na kaskazini mwa Tanzania bado ndicho ninachokitegemea, japo ni kizito kwa begi.

Ua ukishakuzoea, toka. Kati ya Oktoba na Machi nenda kwenye majani mafupi ya upande wa Kisongo kuelekea Monduli, mbali na uzio wa uwanja wa ndege na maeneo ya jeshi. Tafuta ndege mdogo wa kijivu na krimu anayesimama wima juu ya kichuguu au jiwe, na akiruka anaonyesha kiuno cheupe na mkia wenye alama ya T nyeusi iliyopinduka. Huyo, Oenanthe oenanthe, ni mgeni wa kaskazini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia wengine kutoka Alaska hadi Afrika Mashariki, safari ya kama kilomita 14,500 kwenda peke yake, kwa kiumbe cha gramu 25 hivi. Akifika hapa hana kiota wala mwenza wa kumtetea, lakini analinda kipande chake. Dume ana chake, jike ana chake, na wanafukuzana. Hapo ugomvi ni wa chakula mtupu, na kanuni ya kugeuka inafanya kazi vizuri kuliko popote kwa sababu hakuna mti wa kumficha mtu.

Egesha pembeni, usishuke. Gari ni kibanda kizuri kuliko kujificha kwa miguu. Chagua mmoja, hesabu vichuguu anavyovitumia, weka alama kwenye ramani ya simu pale mbio zinapokatika. Rudi baada ya wiki, kisha msimu unaofuata uende kwenye vichuguu vilevile. Rekodi zako za ndege wa Tanzania zinapokelewa na Tanzania Bird Atlas, na vilevile unaweza kuziingiza kwenye tovuti ya eBird. Andika tarehe, mahali, aina, idadi, na alichokuwa akikifanya. Picha ikiwepo ni vizuri, isipokuwepo si neno.